Bibi Aliyemfundisha Kinyonga

Kinyonga alipanda mti polepole, kama jina lake lilivyotaka. Hakuwa mnyama, alikuwa roboti mwenye ukubwa wa paka, ngozi ya mpira, macho mawili yanayozunguka kila moja na njia yake, na vidole vya kunasia gome. Alipofika kimo cha kifua cha mtu alisimama, akafungua kinywa, akatoa ulimi. Ulimi wenyewe ulikuwa uzi wa chuma mwembamba kuliko sindano. Ulipenya gome la mkwinini, ukakaa humo kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, ukarudi.

"Uchungu wa mbele ni mdogo," Kinyonga akasema kwa sauti ya mwanamke mtulivu. "Uchungu wa nyuma ni mwingi, na unakaa. Kwinini asilimia saba. Mti huu uambuliwe upande wa mashariki. Upande wa magharibi uachwe upumzike."

Wageni kumi na wawili kutoka Dodoma wakapiga makofi. Daktari Stumai Mhina, aliyembuni Kinyonga, akainamisha kichwa kidogo kama mtu asiyependa sifa, ingawa alizipenda sana.

Ulikuwa mwaka 2091, na mji wa Kwelumbizi, uliojengwa juu ya nguzo kati ya vilele vya Usambara, uliishi kwa gome. Malaria ilikuwa imezishinda dawa zote za viwandani, moja baada ya nyingine, mpaka watu wakaurudia mti wa zamani kabisa, mkwinini, uliotoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini na kupandwa Usambara tangu enzi za Wajerumani. Ndani ya gome lake mna alkaloidi, yaani vitu vichungu ambavyo mmea hujitengenezea ili usitafunwe ovyo. Zilizo kubwa ni nne: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Kiwanda kiliweza kuunda kila moja peke yake, lakini vijidudu vya malaria mpya vilikufa kwa mchanganyiko tu, ule unaopikwa na mti wenyewe, na kila mti ulikuwa na mapishi yake. Maabara ilihitaji gome lililokwisha kuambuliwa na kukaushwa, na gome likiambuliwa huchukua miaka saba kurudi. Kuambua mti usiofaa kulikuwa sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa. Ndiyo maana Kinyonga, aliyeonja mti ungali hai bila kuujeruhi, alikuwa fahari ya nchi.

"Nina swali, Daktari," alisema mgeni mmoja, mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma. "Hayo maneno ya uchungu wa mbele na uchungu wa nyuma hayafanani na ya vitabuni. Nani kamfundisha?"

Stumai alijibu kabla hajafikiri. "Timu yetu ya wataalamu, mzee wangu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Stumai akahisi masikio yanamwaka moto. Akageuka kumfuta Kinyonga vumbi ambalo halikuwepo.

Mkurugenzi wa kituo, Mhandisi Semboja, alimsubiri ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. Wagonjwa sita waliokunywa dawa ya shamba la juu walikuwa wamelazwa, mioyo yao ikidunda vibaya. Maabara ilipima dawa ile ikakuta kwinidini imezidi mno.

"Pacha," Stumai akasema.

"Pacha," Semboja akakubali.

Kwinini na kwinidini ni pacha kwelikweli. Zina atomi zilezile, kwa hesabu ileile, ila baadhi zimegeukia upande mwingine, kama viatu viwili vya mtu mmoja. Zote mbili hupambana na malaria, lakini kwinidini hugusa moyo, na ikizidi, moyo hupoteza hatua. Kinyonga aliwaona pacha hawa kama mtu mmoja. Katika mashamba ya chini kosa hilo halikudhuru, kwa kuwa kwinidini ilikuwa kidogo. Shamba la juu lilikuwa na mbegu nyingine.

"Mwonjaji wako wa zamani aliweza kuwatofautisha?" Semboja akauliza.

"Aliweza. Somo hilo hatukulifikia."

"Kwa nini?"

"Alininunia."

Semboja akamtazama. "Basi kamwombe radhi, mlete. Nina miti elfu nne siwezi kuigusa, na wagonjwa wanaongoja."

Mwonjaji huyo alikuwa Bi Sikudhani Shemkai, mwambuaji gome wa kijiji cha bondeni, aliyekuwa na miaka sabini na mmoja Stumai alipomkuta. Ukimpa kipande cha gome akakitia ulimini, alikwambia mti una umri gani, umekaa juani au kivulini, na dawa yake itamfaa mtoto au mtu mzima. Vihisio vya Stumai viliweza kuhesabu alkaloidi, lakini utomvu wa mti ulio hai ulivichanganya. Bi Sikudhani hakuchanganywa na chochote. Kwa miezi minane alikuja kila asubuhi, akaonja miti thelathini, arobaini kwa siku, akisema kwa maneno yake anachokionja, na akili unde ya Kinyonga ikamsikiliza na kujifunza. Masomo yakafika mia mbili na kumi na nne.

Kanuni za Baraza la Utafiti zilikuwa wazi. Mwonjaji aonje, ateme, asukutue. Baada ya kila somo mtafiti ajaze fomu: ametema, au amemeza. Kwinini inayoingia mwilini kila siku hulewesha. Masikio huanza kuvuma, kichwa huzunguka, na mwisho mtu huweza kuwa kiziwi. Stumai aliyajua hayo tangu mwaka wa kwanza wa chuo.

Bi Sikudhani hakutema hata siku moja. Kwao, tangu kwa babu yake, dawa haitemwi. Atemaye dawa ameitukana, na dawa iliyotukanwa haimponyi mtu mwingine. Siku ya kwanza Stumai alimwona koo likipanda na kushuka. Alikuwa na kalamu mkononi. Akiandika amemeza, Baraza lingesimamisha kazi siku hiyohiyo, na pengine lingemkabidhi mtu mwingine. Akajiambia ni kidogo tu. Akaandika ametema. Siku ya pili iliandikika kwa urahisi zaidi, na baada ya hapo mkono ukazoea.

Mwezi wa sita bibi alimwambia, "Mwanangu, masikio yananililia siku hizi. Kama kuna nyenje ndani."

"Nyenje wa msituni hao, bibi," Stumai akacheka. "Msimu wao huu."

Halafu likaja jambo la mti. Vijana wa kituo walikata kwa makosa mkwinini uliokuwa nyuma ya jiko la Bi Sikudhani, uliopandwa na babu yake. Bibi alisema haidhuru. Lakini wiki iliyofuata, Stumai alimkuta ameuinamia mti shambani, akasema, "Shikamoo, bibi." Hakujibiwa. Kesho yake alimwamkia tena akiwa nyuma yake, kimya. Siku ya tatu vilevile, na mbele ya wafanyakazi.

Mtu mzima kuinyamazia shikamoo ni neno zito. Ni kumwambia mtu, wewe kwangu si mtoto tena wala mtu. Stumai aliona ni mti, ni kinyongo, ni kiburi cha wazee wasiosamehe. Akaumia, kisha akakasirika, kisha, na hili alilijua moyoni ingawa hakulisema, akapata nafuu, maana hangejaza tena fomu zile. Alimwagiza dereva asimfuate bibi tena. Wenzake walipouliza alisema, "Yule mama ana majivuno." Miaka mitatu ikapita.

Sasa aliteremka bondeni kwa gari la kuning'inia kwenye waya, mkobani ana vipande vinne vya gome la shamba la juu. Njia nzima alipanga maneno. Angeomba radhi kwa ajili ya mti. Lile la fomu hakulipanga. Lilikuja lenyewe na yeye akawa analisukuma.

Nyumba ilikuwa ileile, na kisiki nyuma ya jiko kilikuwa palepale. Bi Sikudhani alikaa kigodani ameuelekea mlango, ungo wa mbaazi mapajani. Stumai alisimama kizingitini. Salamu ilimkwama. Je, akinyamaziwa tena?

Bibi akainua macho, akamwona, uso ukamkunjuka.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Karibu."

Stumai hakuwa amesema kitu. Machozi yalimlenga papo hapo. Alijua wazee wana namna yao ya kusamehe. Huipokea salamu hata kabla hujaitoa, ili wakupunguzie aibu. Akaingia, akapiga magoti, akashika mikono yenye vumbi la mbaazi.

"Nisamehe, bibi. Ule mti wako…"

Bi Sikudhani alimtazama mdomo kwa makini, akacheka kidogo, akarudi kwenye mbaazi zake.

"Hasikii," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Mwajabu, binti wa bibi, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, ameshika ndoo. "Akikukazia macho huambulia maneno mawili matatu. Basi."

"Lakini ameniitikia."

"Humwitikia kila mtu." Mwajabu akatua ndoo. "Alipoanza kupoteza masikio hakujua. Watu wanamwamkia, yeye kimya. Wakasema ana kiburi, wakasusa kuja. Msiba wa mdogo wake walikuja watu wanane, Daktari. Wanane. Siku nilipomweleza kwa kuandika, alilia. Tangu hapo akimwona yeyote mlangoni husema marahaba. Jana alimwitikia mbuzi."

Alisema hayo bila kucheka. Stumai alikuwa bado amepiga magoti, na sasa hakujua ainuke vipi. Akawakumbuka wale wafanyakazi walioshuhudia asubuhi tatu zile, wengi wao watu wa kijiji hiki, na akajua neno lake la majivuno lilikofika.

"Tangu lini?" akauliza, kama kwamba hajui.

"Alipokuwa kwenu."

"Mngeomba masikio ya kupandikiza. Baraza hutoa bure kwa aliyeumia kazini."

"Tuliomba mara mbili. Akili unde ya Baraza ilichukua dakika mbili kutukatalia. Ilisema kumbukumbu zinaonyesha mwonjaji alikuwa anatema kila siku, kwa hiyo uziwi ni wa uzee." Mwajabu akamtazama usoni. "Kumbukumbu mliandika nyinyi."

Hapo ndipo Stumai Mhina, mwenye shahada tatu na nishani moja, aliposema neno la kiofisi. Lilimtoka lenyewe.

"Nitalifuatilia."

"Ee," Mwajabu akasema. "Kila mtu hufuatilia."

Bi Sikudhani alikuwa ameuona mkoba. Pua yake haikuwa imezeeka. Akanyoosha kiganja. "Umeniletea gome. Lete nionje."

Stumai akaukumbatia mkoba. Vipande vinne tu, angekuwa na jibu la pacha kabla ya jua kuzama. Semboja angefurahi, wagonjwa wangepata dawa, na bibi mwenyewe alikuwa anataka. Kiziwi ataongeza uziwi gani? Wazo hilo lilipita kichwani mwake likiwa zima, na aliona haya kama mtu aliyefumaniwa.

Akatoa kibao chake cha kuandikia, akaandika kwa herufi kubwa, akampa bibi: GOME NDILO LILILOKUUA MASIKIO. HUKUWA UNATEMA. NILIKUWA NAKUONA, NIKAANDIKA UNATEMA.

Bi Sikudhani alisoma polepole, kidole kikifuata neno kwa neno. Alipomaliza akachambua mbaazi moja mbovu, akaitupa.

"Nilijua unaniona," akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa kidogo, ya mtu asiyejisikia. "Nilikuwa nakutazama usoni kila nikimeza. Nikasema, huyu binti amesoma. Ingekuwa sumu angeninyang'anya. Ndiyo maana sikuogopa."

Hakukuwa na hasira katika maneno hayo, na afadhali ingekuwepo. Mtu hujua la kufanya na hasira ya mwenzake. Stumai alitaka ardhi ipasuke. Kwa miaka mitatu alijua yeye ni mwongo kwenye karatasi. Hakujua kwamba uso wake wenyewe, kila siku, mara thelathini au arobaini, ulikuwa ukimwambia bibi huyu meza, hapana neno.

Akafungua kibao na kumwita Karani, akili unde inayotunza kumbukumbu zote za Baraza.

"Karani, fungua masomo ya Kinyonga. Nataka kubadilisha taarifa ya mwonjaji. Badilisha yote kwa pamoja."

"Hairuhusiwi," Karani akajibu kwa sauti yake ya upole. "Kila somo hubadilishwa peke yake, kwa sauti ya mtafiti, na sababu yake." Kanuni hiyo iliwekwa kuwazuia wajanja. Stumai mwenyewe aliipigia kura. "Somo la kwanza. Mwonjaji, Sikudhani Shemkai. Miti thelathini na minane. Ametema. Badiliko?"

"Amemeza."

"Sababu?"

"Nilikosea kuandika."

"Ni kosa la mkono, au ni taarifa ya uongo? Chagua."

Mwajabu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anasikiliza. Stumai alijua fika maana ya neno la pili. Leseni ingekwenda. Jina lake lingetolewa kwenye Kinyonga, na wale wageni wa Dodoma wangesoma habari hiyo wakiwa kwenye chai.

"Uongo," akasema.

"Wa nani?"

"Wangu. Stumai Mhina."

"Imeandikwa. Somo la pili. Ametema. Badiliko?"

"Amemeza."

"Sababu?"

"Uongo."

"Wa nani?"

Ikaendelea hivyo. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakumjua Karani, ambaye humuumbua mtu angali hai, na kwa adabu. Kwenye somo la thelathini Mwajabu aliondoka akaenda kuchochea moto. Kwenye somo la sitini Semboja alipiga simu; Stumai aliliona jina likimetameta pembeni mwa kibao, akaliacha lizime. Kwenye somo la mia sauti ilimkauka. Mwajabu akamletea kikombe cha chai ya mchaichai, akakiweka sakafuni karibu naye, akarudi kukaa. Bi Sikudhani alichambua mbaazi. Kila mara aliinua macho kuutazama mdomo wa Stumai ukirudia jambo moja, na haikujulikana kama alilisoma.

Somo la mia na sabini na mbili lilikuwa lile la siku ya nyenje. Karani alisoma maelezo yaliyoambatana nalo: "Mwonjaji hana malalamiko ya kiafya."

Stumai akafunika uso kwa viganja. "Alikuwa nayo. Aliniambia. Nilicheka."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyohivyo."

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kisiki nyuma ya jiko walipofika somo la mia mbili na kumi na nne. Karani alisema kumbukumbu zimetumwa Barazani, leseni ya mtafiti imesimamishwa kuanzia saa hiyo, na ombi la Sikudhani Shemkai la masikio ya kupandikiza limefunguliwa upya, kipaumbele cha kwanza. Akamshukuru kwa usahihi wake.

"Na wagonjwa wenu?" Mwajabu akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema naye tangu mchana.

"Watapima kwa njia ya zamani. Kuambua, kukausha, kupeleka maabara, mti kwa mti. Watapoteza miti mingi na siku nyingi." Akafunga mkoba uliokuwa bado na vipande vyake vinne. "Ni hivyo. Hataonja tena."

Mwajabu akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia asante, na Stumai alishukuru kwa hilo.

Bi Sikudhani alikuwa amehamia jikoni, anasonga bada, ugali wa muhogo, amewapa mgongo. Stumai alifika mlangoni, akakumbuka kwamba tangu aingie nyumba ile hajamwamkia. Marahaba alipewa kabla, wala haikuwa yake; ilikuwa ya kila mtu na ya mbuzi.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Bibi alisonga bada yake. Mwiko ulikwenda na kurudi.

Mwajabu akanyanyuka ili amguse mama yake bega. Stumai akamzuia kwa mkono. Akaweka mkoba chini, akasimama palepale mlangoni kumngoja ageuke.